Ganda Linalong'aa Bado Linaweza Kuwa Bovu: Mwongozo wa Kusafisha na Kuandaa Maganda ya Risasi

Ukifyatua bunduki ya kuwindia, kichwa cha risasi kinakwenda zake, baruti inaungua, fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) inakufa. Kinachobaki ni ganda. Na kwa kawaida ganda ndilo ghali kuliko vyote hivyo, maana ni shaba nyeupe, mchanganyiko wa asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki, iliyovutwa na kukandamizwa kiwandani kwa hatua nyingi mpaka ikapata umbo. Likitunzwa hujazwa upya mara kadhaa. Ndiyo maana gereji nyingi za wawindaji Marekani zina meza yenye presi ya mkono na ndoo za maganda chini yake, na baadhi yetu tunaozungumza Kiswahili huku tumeshaambukizwa.

Mwongozo huu ni wa ganda tu. Unaanzia pale linapookotwa na kuishia pale linapokuwa tayari kupokea fataki mpya. Vipimo vya baruti usivichukue kwangu wala kwa jirani yako wa uwanja wa shabaha. Hivyo husomwa kwenye kitabu kilichochapwa na kiwanda cha baruti au cha vichwa vya risasi. Mfano nitakaoutumia zaidi ni .30-06, risasi iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1906 na ambayo hadi leo inaangusha kulungu kila msimu.

Wengi huanza kazi hii na hamu ya kung'arisha. Naielewa hamu hiyo, lakini usafi una kazi mbili tu hapa: mchanga na masizi yasikwaruze kalibu (kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye presi kurudisha umbo la ganda), na macho yako yaweze kuona ufa. Mng'ao wa dhahabu haumsaidii mtu kulenga. Kinachokulinda uso wako, ambao uko sentimita chache kutoka kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi), ni ukaguzi na kipimo.

Sheria kwanza, hasa kwa mgeni

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu kujaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni. Ukizigeuza biashara, unahitaji leseni ya utengenezaji wa risasi, ile ya aina ya 06. Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: sheria hiyo inahesabu kuwa risasi hata ganda peke yake, fataki peke yake, kichwa peke yake na baruti peke yake. Aliyekatazwa kumiliki risasi, basi, amekatazwa hata ndoo ya maganda matupu.

Walioko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa jumla wamekatazwa, ingawa kuna vighairi, kimojawapo kikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hafungwi na kipengele hicho. Majimbo nayo yana ya kwao, kwa hiyo ulizia unakoishi kabla hujanunua chochote.

Na unapokwenda nyumbani, begi lile la uwanja wa shabaha liache. Kenya na Tanzania zina sheria kali za silaha na risasi, na kujaza risasi kule si burudani ya gereji. Ganda moja lililojificha kwenye mfuko wa pembeni litakuletea maswali marefu uwanja wa ndege, na jibu la "nilisahau" halimfurahishi askari yeyote.

Hatua ya 1: Chambua kabla hujaosha

Mwaga maganda kwenye turubai au trei pana, mahali penye mwanga. Vaa glavu nyepesi. Sababu nitaieleza kwenye sehemu ya kuosha.

Anza na sumaku. Maganda mengine ni ya chuma yaliyopakwa rangi au kufunikwa kwa shaba nyembamba juu, na kwa macho yanadanganya. Yakinaswa na sumaku, weka kando. Hayafai kwa kazi hii. Ya alumini sumaku haiyanasi, lakini utayajua kwa wepesi na rangi yake ya kijivu. Nayo yaende kando. Ya shaba yaliyopakwa nikeli, meupe na yanayoteleza, yanafaa, ila huchoka mapema na tabaka lake la nikeli huweza kubanduka.

Kisha tenganisha kwa aina ya risasi. Usikisie kwa umbo, soma chapa iliyogongwa kitakoni. Ganda la .270 Winchester na la .30-06 ni ndugu wa damu, vitako vyao vinalingana, tofauti iko mdomoni na kwenye urefu. La .300 Blackout lilizaliwa kutokana na .223. Kwenye bastola, ganda la .380 hupenda kujichomeka ndani ya la 9 mm, halafu yote mawili yanaingia kwenye maji yakiwa yamekumbatiana na kutoka machafu. Na .45 ACP siku hizi huja na fataki za ukubwa wa aina mbili. Ukizichanganya, presi itakujulisha kwa kishindo.

Baada ya aina, tenganisha kwa kiwanda. Hili wengi hulipuuza, na mimi nalisisitiza. Maganda ya kijeshi mara nyingi yana kuta nene kuliko ya kiraia, hivyo nafasi ya ndani ni ndogo. Baruti ileile katika nafasi ndogo zaidi huleta shinikizo kubwa zaidi. Herufi LC kitakoni zinaonyesha ganda limetoka kiwanda cha jeshi cha Lake City, kilichoko Independence, Missouri, na tarakimu zinazofuata ni mwaka. Msalaba ndani ya duara ni alama ya NATO. Hayo yakae peke yake.

Mwisho wa uchambuzi, chungulia ndani ya kila ganda kwa tochi. Ukiona tundu moja la moto (linalopitisha mwako wa fataki) katikati, hilo ni la mtindo wa Boxer, na kazi inaendelea. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, hilo ni la Berdan. Sindano ya kutolea fataki italigonga chini na kuvunjika. La ajabu ni kwamba Boxer alikuwa ofisa Mwingereza na Berdan alikuwa Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioshikamana na mtindo wa Boxer huku sehemu kubwa ya Ulaya ikichukua wa Berdan.

Hatua ya 2: Ukaguzi wa kwanza, wa haraka

Huna haja ya kuosha ganda lililokufa. Tupa lolote lenye ufa shingoni au mwilini, lenye kitako kilichovimba, lililokanyagwa likapasuka, au lililotobolewa na kutu ya kijani. Mdomo uliobonyea kidogo tu si tatizo, kalibu itaurudisha. Bonde kubwa lenye kona kali mwilini ni tatizo, kwa sababu shaba iliyokunjwa ikikunjuliwa hupasuka.

Hapohapo utakuta pia risasi nzima ambayo haikulipuka, imejichanganya. Hiyo isiingie kwenye mashine yoyote. Viwanja vingi vya shabaha vina chombo maalumu cha kuzipokea.

Hatua ya 3: Toa fataki

Kuna mabishano kama fataki itolewe kabla au baada ya kuosha. Kwa kuosha na maji, toa kabla. Maji yanayoingia kwenye kishimo cha fataki iliyobaki ndani hayatoki, na utakuwa unakausha ganda siku nzima. Kwa kusafisha kwa njia kavu, unaweza kuiacha mpaka baadaye, kwa sababu ukiitoa mapema, punje za kusafishia zitakwama kwenye tundu la moto.

Tumia kalibu ya kutolea fataki tu, ambayo haigusi kuta za ganda. Ile ya kurudisha umbo usiitumie kwenye ganda chafu. Punje moja ya mchanga ikikwama ndani yake itachora mstari kwenye kila ganda litakalofuata, na mchoro huo hautoki.

Vuta mkono wa presi polepole. Vaa miwani ya kinga. Fataki zilizotumika ziingie kwenye chupa yenye kifuniko, zisitawanyike mezani. Masizi yake yana madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu.

Hatua ya 4: Kuosha

Nianze na sumu. Fataki nyingi za kawaida hutengenezwa kwa stifneti ya risasi, kemikali yenye madini hayo, na inapolipuka huacha vumbi la madini ya risasi ndani ya ganda. Vumbi hilo ndilo linalokuwa kwenye maji yako, kwenye punje zako na kwenye vidole vyako. Watoto ndio wanaoumia zaidi: mwaka 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilishusha kiwango rejea cha madini hayo katika damu ya mtoto kutoka mikrogramu 5 hadi 3.5 kwa desilita. Kwa hiyo kazi hii haifanyiki jikoni, haitumii sufuria ya wali, haitumii chujio la chai, na mtoto haachiwi "amsaidie baba" kuchekecha. Usile wala usivute sigara ukiwa kazini. Nguo ulizovaa zioshwe peke yake.

Sasa njia zenyewe.

*Ndoo na mikono.* Asiye na mashine bado anaweza kufanya kazi. Chukua ndoo ya plastiki, maji ya moto, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na unga wa asidi ya sitriki, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Tia maganda, tikisa, acha kwa dakika kama kumi, tikisa tena, mwaga, suuza mara kadhaa hadi maji yatoke meupe. Hayatang'aa kama ya dukani, lakini masizi ya nje na uchafu utakuwa umekwenda, na kwa bunduki yako hiyo inatosha.

Asidi usiizidishe na muda usiuzidishe. Shaba ikilala kwenye asidi hupoteza zinki, na ishara yake ni rangi ya waridi inayochomoza juu ya ganda. Doa dogo la waridi pale palipokuwa na kutu si msiba. Ganda zima likigeuka waridi, litoe kazini. Siki nayo ni asidi, ingawa si ya sitriki. Watu huimwaga tu bila kupima, halafu wanashangaa.

*Mashine ya kutetemesha, njia kavu.* Hii ni bakuli kubwa juu ya mota. Unalijaza magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda ya jozi yaliyosagwa, na mashine inatetema kwa saa moja hadi tatu. Ya jozi ni makali zaidi, yanafaa kwa uchafu mgumu. Magunzi ni laini na yanang'arisha. Nani angedhani gunzi lingesafiri mpaka huku. Tia vipande vya karatasi laini zinazowekwa kwenye mashine ya kukaushia nguo, hata zilizotumika. Zinavuta vumbi na kutoka nyeusi. Vumbi hilo ndilo tatizo la njia hii. Weka mashine nje au kwenye gereji iliyo wazi, ifunike, na unapochekecha vaa barakoa inayozuia vumbi jembamba.

Njia kavu haisafishi vizuri ndani ya ganda wala kishimo cha fataki. Ina sifa moja kubwa: ganda linatoka likiwa kavu na unaweza kuendelea na kazi siku hiyohiyo.

*Pipa la kuzungusha na visindano, njia ya maji.* Hii ndiyo inayotoa maganda kama yametoka kiwandani jana, nje, ndani, na kishimoni. Pipa la mpira linazunguka taratibu likiwa na maji, maganda, na visindano vifupi vya chuma kisichoshika kutu. Kwa pipa la ukubwa wa kawaida linalobeba jumla ya kilo saba hivi, uwiano unaojulikana ni visindano kilo 2.3, maganda chini kidogo ya kilo moja (karibu 70 ya .30-06), na maji kama lita 3.8. Ongeza kijiko kikubwa cha sabuni ya vyombo na robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Saa mbili au tatu zinatosha.

Robo kijiko ni robo kijiko. Asidi ikizidi sabuni, maganda hutoka na weusi usioelezeka. Na usiliache pipa lizunguke usiku kucha: maganda hugongana midomo, kingo zinafumuka na kuwa butu, na utalazimika kuyakata yote upya.

Ukimaliza, visindano vyote vitoke. Viwili vikikaa sambamba hukwama kwenye tundu la moto, na katika shingo nyembamba za .223 hukwama hata ndani ya shingo. Osha ndani ya beseni la maji, geuza kila ganda mdomo chini, tikisa, kisha pitisha jicho. Kisindano kimoja kilichobaki ndani kitapita kwenye mtutu kikisindikizwa na baruti inayowaka.

Maji machafu usiyamwage kwenye sinki la jikoni wala kwenye bustani ya sukuma wiki. Kaunti nyingi zina kituo cha kupokea taka hatari za nyumbani, peleka huko.

Kuhusu dawa za kung'arishia shaba za madukani: nyingi zina amonia, na Brasso ya kawaida ni mojawapo. Kwa kitasa cha mlango ni nzuri. Kwa ganda ni mwiko. Amonia huingia kwenye shaba iliyo na mkazo ndani yake na kuipasua. Jeshi la Uingereza nchini India lilikutana na balaa hilo katika karne ya 19: risasi zilizohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa masika zilikuwa zinapasuka zenyewe, bila kuguswa. Ilichukua hadi mwaka 1921 kwa watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson kueleza kisa chake, nacho ni amonia iliyotokana na mkojo wa farasi pamoja na mkazo uliobaki ndani ya shaba. Soma maandishi ya chupa. Ukinusa harufu ya amonia, irudishe kabatini.

Hatua ya 5: Kukausha

Tandaza maganda kwenye taulo kuukuu, yaviringishe humo, kisha yaache juani au mbele ya feni. Mashine ya kukaushia matunda, iliyonunuliwa kwa kazi hii na isiyorudi tena kwa matunda, inamaliza kwa saa chache. Oveni ya chakula sikushauri, kwanza kwa sababu ya madini ya risasi, pili kwa sababu mtu akisahau na moto ukapanda sana, shaba ya kitakoni inalainika. Kitako kinatakiwa kiwe kigumu. Ndicho kinachobeba shinikizo lote.

Chungulia ndani ya shingo na kishimo cha fataki. Tone la maji likikutana na baruti baadaye, utapata risasi isiyolipuka au, vibaya zaidi, iliyolipuka nusu na kichwa kikabaki kwenye mtutu.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa pili, huu ndio wenyewe

Ganda sasa ni safi na linasema ukweli. Chukua moja moja.

Shingo kwanza: ufa mwembamba kama unywele, ukianzia mdomoni kushuka chini. Huo ndio kifo cha kawaida cha ganda, na si cha hatari sana, unalitupa tu.

Cha hatari kiko chini. Risasi inapofyatuliwa, shinikizo la .30-06 linaweza kufika pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Kuta nyembamba za mbele zinavimba na kushika chemba, wakati kitako kinasukumwa nyuma kikagota komeo, kifungio kinachoziba nyuma ya chemba. Sehemu iliyo kati ya hizo mbili, kama milimita sita juu ya kitako, inavutika. Ukilirudisha umbo na kulifyatua tena, inavutika tena, na kila safari ukuta unakuwa mwembamba kutoka ndani. Siku moja ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba. Gesi ya moto inatafuta njia, na njia mojawapo inaelekea kwenye jicho lako.

Dalili ya nje ni pete angavu inayozunguka ganda mahali hapo. Lakini mng'ao mpya uliotoka kwenye pipa unaweza kuificha pete hiyo, kwa hiyo usiamini macho tu. Chukua klipu ya karatasi, inyooshe, kunja ncha yake kiasi kidogo kuwa ndoana, inoe kidogo. Ingiza ndani mpaka iguse sakafu ya ganda, kisha ivute juu ukiiegemeza ukutani. Katika ganda zima itapanda laini. Katika ganda linaloelekea kukatika, ncha itazama kwenye mfereji na utausikia kwa vidole. Ukiusikia hata kwa mashaka, ganda hilo limestaafu.

Fanya hivi kwa kila ganda la bunduki lililokwisha kujazwa mara kadhaa, na kwa kila ganda la kuokota ambalo hujui historia yake. Maganda ya bastola yenye shinikizo dogo hayana sana ugonjwa huu.

Hatua ya 7: Kurudisha umbo

Ganda lililofyatuliwa limechukua vipimo vya chemba lilimofyatuliwa. Kalibu inalirudisha. Kwa maganda ya bastola yaliyonyooka, kalibu ya kabaidi, ngumu kuliko ya chuma, haihitaji kilainishi. Kwa ganda lenye mabega (pale mwili unapopungua kuelekea shingo) kama .30-06, bila kilainishi litakwama ndani ya kalibu, na kulitoa ni kutoboa, kukata nyuzi za skrubu na kuvuta, jioni nzima.

Nta ya kupaka kwa vidole ni nzuri kwa maganda machache. Kwa mengi, changanya lanolini na alkoholi kwenye chupa ya kupulizia, pulizia maganda kwenye mfuko, yaviringishe, subiri alkoholi ikauke kabisa. Paka mwili wa ganda na kidogo ndani ya shingo, mabega yaache. Kilainishi kikijaa mabegani hakina pa kwenda, kinabonyeza shaba na kuacha kidimbwi.

Rekebisha kalibu irudishe bega nyuma kwa sehemu moja au mbili tu za elfu ya inchi (0.001 au 0.002) kwa bunduki ya komeo ambayo ni yako mwenyewe. Kulisukuma bega mbali zaidi ya hapo ndiko kunakozaa ule mfereji tuliousaka kwa klipu. Kwa bunduki ya kujipakia yenyewe linahitaji nafasi zaidi kidogo. Kipimo cha bega kina kifaa chake kinachofungwa kwenye kalipa, chombo cha kupimia urefu kwa usahihi. Ni cha bei ya kawaida na kitarefusha umri wa maganda yako kuliko kifaa kingine chochote mezani.

Hatua ya 8: Pima, kata, lainisha mdomo

Shaba iliyobanwa hukimbilia mbele, kwa hiyo pima urefu baada ya kurudisha umbo, si kabla. Vipimo vya juu vya taasisi ya viwango ya viwanda vya Marekani, SAAMI, ni hivi: .30-06, inchi 2.494, yaani milimita 63.35; .308 Winchester, inchi 2.015; .223 Remington, inchi 1.760. Likizidi hapo, mdomo unabanwa mwishoni mwa chemba, unakishika kichwa kisitoke, na shinikizo linapanda vibaya. Desturi ni kukata hadi sehemu kumi za elfu ya inchi (0.010) chini ya kiwango hicho: 2.484, 2.005 na 1.750.

Ukikata, mdomo unabaki na makali. Kwangua kidogo kwa ndani ili kichwa kiingie bila kuchunwa, na kidogo kwa nje. Kidogo maana yake mizunguko miwili mitatu ya mkono. Hulengi kutengeneza kisu.

Hatua ya 9: Kishimo cha fataki

Uliyeosha kwa visindano huna kazi kubwa hapa. Wa njia kavu, kwangua masizi kwa kibrashi chake na uhakikishe hakuna punje kwenye tundu la moto.

Maganda ya kijeshi yana jambo la ziada. Kiwanda hubinya shaba kuzunguka fataki ili isichomoke kwenye bunduki ya rashasha. Fataki ya zamani itatoka kwa nguvu kidogo, lakini mpya haitaingia mpaka ule ukingo uondolewe, ama kwa kuusukuma kwa chombo cha kupanua au kwa kuukwangua. Kuupanua ni bora, kwa sababu hakuondoi shaba. Ukikwangua kupita kiasi, kishimo kinalegea na ganda limekwisha. Kishimo kilicholegea kwa uzee pia hakina dawa: fataki mpya ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu, tupa.

Baadhi ya watu hulainisha shingo kwa moto kila baada ya kujaza mara kadhaa ili isipasuke. Ni kazi ya sekunde chache na inafaa, ila moto ukishuka hadi kitakoni umetengeneza bomu. Kama ndiyo kwanza unaanza, iache. Maganda ya shingo zilizopasuka ni rahisi kuliko jicho.

Hatua ya 10: Ondoa kilainishi, hifadhi, tupa

Futa mafuta kwa kitambaa chenye alkoholi, au rudisha maganda kwenye mashine kavu kwa dakika 20 hivi. Ganda lenye mafuta halishiki chemba vizuri, na msukumo wote unahamia kwenye komeo. Pia mafuta ndani ya shingo huharibu baruti.

Panga kwenye masanduku yenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na sabuni za amonia na mbolea. Juu ya kila sanduku andika aina ya risasi, kiwanda, limejazwa mara ngapi, urefu lilipokatwa, na bunduki lilimofyatuliwa. Maganda ya sanduku moja yaende pamoja uwanjani na kurudi pamoja, maana ukichanganya kundi la safari ya pili na la safari ya saba, hesabu imepotea na klipu yako itakuwa na kazi tena.

Yaliyokataliwa yabane mdomo kwa koleo mpaka yakunjike, ili mwingine asiyaokote akadhani ni mazima, kisha yatie kwenye ndoo ya chuma chakavu. Wanunuzi wa chakavu huyachukua kwa kilo, na wengi watataka kuona kwamba hakuna risasi nzima ndani. Kisha futa meza kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio, na uoshe mikono kwa maji baridi na sabuni hadi viwiko kabla hujashika mlango wa nyumba.